Jinsi Tunavyowajibu Wageni

18 Februari, Jumapili

Baridi bado imekaza. Kaka yangu Normand amemaliza kutoboa miti yetu ya mepo ya upande wa kusini na kuunganisha mirija, lakini utomvu tunaouchemsha kuwa shira haujaanza kushuka. Nimeosha sahani za wageni, nimepanga mabenchi ya banda letu la shira, wanapokuja kula kila msimu, sasa nakaa dirishani kusubiri kama mkwe anayesubiri kukaribishwa. Tangu mume wangu Fernand afariki nimepata tabia ya kusemezana na majiko, kwa hiyo msimu huu bora niandike.

Habari ya mji ni moja tu, ada. Serikali yetu ya Quebec imesema kuanzia Septemba wanafunzi wa majimbo mengine ya Kanada wanaokuja kusoma kwenye vyuo vya Kiingereza huku kwetu watalipa karibu maradufu. Ni ili lugha yetu ya Kifaransa isimezwe. Chuo kilicho ng'ambo ya mto kinaishi kwa wanafunzi hao, na tangu jana wamening'iniza mabango ya kulalamika darajani. Normand ndiye mwenyekiti wa chama cha kutetea Kifaransa wilayani. Alipiga makofi mbele ya redio kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Mimi pia sikusikitika. Vuli iliyopita, kwenye mkahawa ninaponunua kahawa tangu nikiwa mwari, binti wa kaunta alinisalimu kwa Kiingereza kwanza. Mimi, niliyezaliwa mtaa wa pili kutoka pale. Nilirudi nyumbani nimeshika kikombe kama mtu aliyekiiba.

22 Februari, Alhamisi

Amekuja msichana kuomba kazi ya kuhudumia meza wikendi. Anaitwa Taryn Hrynkiw, anatoka Saskatchewan, nyanda za ngano huko magharibi, anasoma chuo cha ng'ambo ya mto. Alipanda kilima kwa miguu, pua nyekundu kama bitiruti. Kifaransa chake kinachechemea ila kinafika. Aliomba jambo moja, kwamba hapa bandani tumsemeshe Kifaransa tu. Nikamwambia sawa, hakuna shida.

Normand aliponisikia nimeajiri mwanafunzi wa chuo kile alinung'unika, ati namlisha fisi mlangoni. Nikamwambia basi na abebe sahani yeye. Akarudi kwenye mirija yake.

26 Februari

Theluji. Hakuna utomvu.

1 Machi, Ijumaa

Umeanza! Usiku kuganda, mchana kuyeyuka, na saa nne mirija ikaanza kuimba. Tanuri limewashwa. Harufu ya mvuke wa kwanza kila mwaka hunitoa machozi, na kila mwaka Normand husingizia moshi.

3 Machi, Jumapili

Wageni wa kwanza, mabasi mawili kutoka Drummondville. Supu ya njegere, maharage, mayai, ngozi za nguruwe za kukaanga, shira juu ya kila kitu. Taryn alifanya kazi kama siafu. Lakini niliona jambo. Anafika mezani, anasema kwa Kifaransa, polepole, "Karibuni, mtakunywa nini?" Watu wanainua uso, wanasikia lafudhi, wanatabasamu, wanamjibu kwa Kiingereza. Meza ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Bibi mmoja alimpigapiga mkono akamwambia, kwa Kiingereza kilichovunjika kuliko Kifaransa cha mtoto mwenyewe, asijisumbue.

Wageni walipoondoka nilimkuta stoo amekalia gunia la viazi.

"Bi Ghislaine, kwani Kifaransa changu kibaya kiasi hicho?"

Nikamweleza kwamba sivyo, ni ukarimu. Ndivyo tulivyolelewa, mgeni akipata tabu unamvusha. Hatutaki ahangaike.

"Mimi nimekuja kuhangaika," akasema. "Na wewe pia, Bi Ghislaine. Hata siku ile nilipokuomba unisemeshe Kifaransa, ulisema 'sawa, hakuna shida' kwa Kiingereza."

Hata hivi ninavyoandika sikumbuki kufanya hivyo, na najua nilifanya.

4 Machi

Baridi imerudi. Nimejaribu kumkumbuka mtu mmoja, katika maisha yangu yote, ambaye alikuja kwangu na lafudhi na mimi nikamvumilia kwa lugha yangu. Sijampata.

8 Machi, Ijumaa

Leo nimejua kwa nini Taryn anakula chakula cha wafanyakazi kana kwamba ni cha mwisho. Vuli alikosa masomo yote. Baba yake alipasuliwa mgongo wakati wa mavuno na mtu wa kuendesha mashine hakuwepo ila yeye. Alirudi Januari, akapokewa. Sasa ofisi ya chuo imemwambia kwamba aliyekatiza masomo atahesabiwa mgeni mpya ifikapo Septemba, na wageni wapya ndio wa ada mpya. Kwao hawawezi. Aprili atafunga mizigo, isipokuwa serikali iwaondoe watu wa namna yake kwenye hesabu.

Nilimpelekea Normand habari hii pale tanurini. Alitia gogo, akafunga mlango wa chuma, akasema sheria ni msumeno. Kisha akasema watu wa huko magharibi wana vyuo vyao, vingi tu, na hakuna aliyewahi kumpunguzia Mfaransa chochote huko. Hapo hakusema uongo.

Lazima niandike haki kwa upande wake. Baba yetu alifanya kazi kiwanda cha sufu mjini. Wafanyakazi wote walikuwa wa kwetu, wasimamizi wote Waingereza, na hakuna msimamizi aliyejishusha kujifunza hata "habari za asubuhi". Siku moja mashine ilikuwa na kasoro, msimamizi akapiga kelele kwa lugha yake, wengine wakaruka, baba hakuelewa. Vidole vitatu. Normand ndiye aliyempelekea mkate siku ile na alimkuta sakafuni. Tangu hapo, kwa Normand, lugha si mashairi. Ni mkono wa mtu.

10 Machi, Jumapili

Mabasi matatu. Miguu inaniwaka.

Jioni tuliosha vyombo mimi na Taryn. Nimeanza kumsemesha Kifaransa kwa makusudi, na ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Anatafuta neno, mimi ninalo ulimini, la Kiingereza, linanisukuma kama mbuzi mlangoni. Supu inapoa. Nangoja. Akilipata uso wake unafunguka, na mimi najikuta nimefurahi kupita kiasi.

Alinisimulia habari za bibi yake. Bibi alizaliwa akisema Kiukreni, wote kule kijijini walikisema. Wanawe walichekwa shuleni, basi akaamua nyumbani kisisemwe tena. Akakifungia. Uzeeni kiharusi kikamwondolea Kiingereza chote na kumwachia kile cha utotoni. Siku za mwisho hospitalini akawa anaomba kitu, neno moja, anarudia na kurudia. Familia nzima imezunguka kitanda na hakuna anayeelewa. Wakamletea maji. Wakamletea mto. Wakamletea padri. Kila kitu alikisukuma.

"Alikuwa anataka nini?" nikamuuliza.

"Hatujui mpaka leo."

Tukaosha sahani nyingine. Kisha akaniambia, taratibu, kwamba sheria ile haimkasirishi. Watu wanaoogopa lugha yao ife anawaelewa kuliko wenzake wote chuoni. Ndiyo maana alikuja huku akaacha vyuo vilivyo karibu na kwao. "Ila naona mmefunga mlango," akasema, "na mimi nimo ndani, nimeshika kitasa upande wenu."

12 Machi

Baridi. Hakuna utomvu.

13 Machi

Hakuna. Normand anazunguka kama kuku anayetaka kutaga. Kalenda ya ukumbi wa kanisa imetoka: Alhamisi ya wiki ijayo mjumbe wa wizara anakuja kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu ada. Normand atasema kwa niaba ya chama. Nimemsikia akifanya mazoezi kwenye banda la kuni. Ana sauti nzuri, kaka yangu, angekuwa padri kama si matusi.

16 Machi, Jumamosi

Nitaandika yote.

Usiku uliganda sana na asubuhi jua likatoka kwa nguvu. Utomvu ulishuka kama wazimu, tangi likafurika, ukumbi umejaa watu, foleni mpaka kwenye magari. Mpwa wetu Yvan, ambaye kila mwaka husimama na Normand kwenye karai kuengua povu, alikuwa kitandani na mafua. Normand akaja jikoni akasema anahitaji mikono miwili. Taryn akavua aproni, akaenda.

Nieleze kidogo, maana nataka niielewe mwenyewe. Shira inapokaribia kuiva huweza kuinuka ghafla. Karai limetulia, mara povu linapanda, linavuka ukingo. Dawa yake ni kipande cha siagi na kurudi nyuma upesi. Anayeona kwanza hupaza sauti, "Linapanda!" na kila aliyepo huruka. Neno hilo la Kifaransa Taryn analijua kuliko jina lake. Wiki mbili amekuwa akiruka pamoja nasi. Jumapili iliyopita chungu cha maharage kilipochemka jikoni alilisema yeye mwenyewe, na tukacheka.

Niliingia kuchukua ndoo ya shira. Taryn alikuwa ameinamia karai na upawa mrefu, mgongo kwangu, mvuke umemfunika mpaka mabegani. Normand alikuwa upande wa pili, ametia kuni, ameinua kichwa. Akaona. Nilimwona akiona. Akamtazama Taryn usoni, akafungua mdomo.

Na hakutoa kitu.

Mdomo ulibaki wazi. Macho yake yalikuwa ya mtu anayepekua mifuko kutafuta ufunguo. Nikajua anatafuta nini, maana na mimi nautafuta kila siku. Alikuwa anatafuta Kiingereza. Kaka yangu, mwenyekiti wa chama, ana neno la baba yake na babu yake mdomoni, anasimama kulitafutia nguo za mgeni.

Nilipopiga kelele mimi tayari povu lilikuwa limevuka. Lilimwangukia Taryn mkono wa kulia, kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko. Shira si maji, haitiririki ikaisha, inakaa pale pale inaendelea kuunguza. Nilimburuta nje nikautumbukiza mkono wake kwenye theluji. Hakulia. Alikuwa akisema kwa Kifaransa, "Samahani, samahani, sikuona," yeye akituomba radhi sisi.

Normand alizima tanuri, jambo ambalo siku ya utomvu mwingi halifanyiki hata kwa msiba. Akatukana kama tutukanavyo huku kwetu, akavitaja vyombo vyote vya altareni kimoja kimoja, lakini kwa sauti ndogo, kama anasali.

17 Machi, Jumapili

Nimewafungia wageni leo. Jana hospitali ilituweka muda mrefu. Nesi, binti wa hapa hapa mjini, alimuuliza Taryn maswali kwa Kiingereza, Taryn akamjibu kwa Kifaransa, nesi akaendelea kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, na huyu naye hakulegeza. Hivyo hivyo mpaka bandeji ikaisha. Mkono utapona, wamesema, ila kovu litabaki na vidole viwili huenda visikunjike vizuri.

Normand hakuingia. Nilimkuta kwenye gari, injini imezimwa, baridi inamla.

"Dada, neno lilikuwa hapa," akasema, akagusa midomo. "Lilikuwa hapa."

"Najua. Nilikuona."

"Kama angekuwa Yvan ningelisema."

"Ndiyo."

"Yule anakijua Kifaransa. Kila siku ananiuliza hiki kinaitwaje, kile kinaitwaje. Sasa mbona nilimnyima?"

Nilitaka kumwambia kwamba sote ni hivyo, kwamba tumefundishwa adabu hii na watu waliotunyima yao, lakini aliyajua kabla yangu. Tulimrudisha Taryn chuoni, tukaenda nyumbani.

19 Machi

Utomvu kidogo. Taryn amekuja bila kuitwa, anahudumia kwa mkono wa kushoto. Normand amemwandalia kiti karibu na tanuri na kumsemesha Kifaransa tangu asubuhi, haraka haraka, bila huruma, habari za miti, za kodi, za magoti yake. Mtoto hakuelewa nusu. Aliondoka anang'aa.

21 Machi, Alhamisi

Ukumbi wa chini ya kanisa ulijaa, watu wa chuo upande mmoja, wetu upande wa pili, katikati njia kama ya maharusi. Mjumbe wa wizara anaitwa Bwana Beaudet, kijana nadhifu kutoka makao makuu, msikivu, hakumkatiza mtu.

Taryn alisimama mapema. Alikuwa ameyaandaa maneno yake kwa Kifaransa na nilimsikia akihema mpaka pale nilipokuwa nimekaa. Alieleza habari ya vuli, ya baba yake, ya bibi yake. Hakuomba ada ifutwe. Aliomba waliokwisha kuanza, wakakatizwa na jambo la nyumbani, wasihesabiwe wageni. Alikosea hapa na pale. Hakuna aliyecheka, hata kwenye viti vya chama.

Bwana Beaudet akamshukuru, akaanza kumjibu. Kwa Kiingereza. Kiingereza kizuri, laini, cha mtu aliyesomeshwa. Alikuwa anamsaidia.

Nilisikia kiti kikikwaruza sakafu. Normand amesimama, karatasi za hotuba ziko mfukoni.

"Bwana mkubwa," akasema, "huyu binti amekusemesha Kifaransa. Mjibu kwa Kifaransa."

Bwana Beaudet akawa mwekundu, akasema hakukusudia ubaya, alitaka tu kumrahisishia.

"Najua. Mimi nilimrahisishia Jumamosi. Uangalie mkono wake."

Kisha akasimulia, mbele ya watu wote, jinsi ilivyokuwa kwenye karai. Hakujipunguzia. Normand ambaye hajawahi kukiri hata kwamba alichelewa mezani. Alisema bado anataka lugha ilindwe, na asiyetaka atoke nje wakaongee. Alisema ada ipande kwa wanaokuja kunywa bia na kuondoka bila kujua jina la mto. Halafu akamgeukia Bwana Beaudet.

"Baba yangu alikatika vidole kwa sababu msimamizi hakutaka kusema lugha yetu. Huyu ameungua kwa sababu mimi sikutaka kusema yangu. Sasa niambie, bwana, ni nani kati yetu serikali inamwongezea ada?"

Akakaa. Watu wa chama hawakupiga makofi, wala wa chuo hawakupiga. Bwana Beaudet alimjibu Taryn upya, kwa Kifaransa, kwamba amesikia na atafikisha.

Nilijivunia kaka yangu leo, na niliona haya kwa wakati mmoja, na sijui kimoja kinaishia wapi.

23 Machi

Wawili wamejiuzulu kwenye chama. Normand amesema nafuu, watabaki wanaojua kuongea.

30 Machi

Mabasi manne. Sina nguvu hata ya kushika kalamu.

2 Aprili, Jumanne

Joto limezidi. Vichipukizi vimeanza kuvimba, na utomvu umeanza ule uchungu wake. Siku chache tu zimebaki.

Mjini nimeanza kuwa kero. Kwa mwokaji mikate leo mvulana mmoja wa chuo aliomba mkate kwa Kifaransa cha kujikongoja na muuzaji akamgeuzia Kiingereza. Nikaingilia kati nikamwambia muuzaji amjibu kama alivyoulizwa. Muuzaji akaniuliza kama nimeamka vibaya. Nikasema nimeamka, inatosha.

9 Aprili, Jumanne

Jibu limekuja kutoka wizarani. Maoni yote yamezingatiwa kwa uzito, lakini sheria ikianza kutoboka haitaishia tundu moja. Aliyekatiza ni mgeni. Hakuna msamaha.

Normand alisoma kwenye simu ya Yvan, akairudisha, akaenda kufungua mirija kwenye miti. Peke yake, upande wote wa kusini. Nilimpelekea chai, hakuinywa.

Na mimi nikajiuliza kama sheria ni mbaya. Siwezi kuandika kwamba ni mbaya. Mwaka jana ningeiandika mwenyewe. Ninachojua ni kwamba inasimama langoni kuwazuia watu wasije na Kiingereza chao, na sisi huku ndani ndio tunaowapa, bure, kwa tabasamu, pamoja na mkate.

19 Aprili, Ijumaa

Taryn ameondoka na basi la mchana. Alimaliza mitihani, amefaulu yote isipokuwa moja, kwa sababu ya kuandika kwa mkono wa kushoto. Normand alimpa debe la shira ya mwisho, ile nyeusi ya uchungu ambayo hatuuzi, akamwambia ndiyo yenye ladha ya kweli. Hawakukumbatiana, si mtindo wa Normand. Aliinua mkono wa Taryn wenye kovu akautazama, akaurudisha taratibu kama kitu cha mtu.

20 Aprili

Kuosha mirija.

21 Aprili

Kuosha mirija. Mvua.

28 Aprili, Jumapili

Simu imelia nikiwa nakausha makarai. Ni Taryn, kutoka kwao. Kule bado ni asubuhi. Alisema kwa Kifaransa kwamba anaomba radhi kunisumbua siku ya Bwana, hana neno la maana.

Nikamwambia aseme.

Amesema usiku ameota kwa Kifaransa, mara ya kwanza maishani. Si maneno mawili matatu, ndoto nzima, na watu wote ndani yake wanasema na yeye anawaelewa. Akaamka na furaha, akakimbilia jikoni kuisimulia. Baba yake alikuwa anakunywa kahawa, mdogo wake anatafuta soksi. Akafungua mdomo, akakumbuka kwamba nyumba nzima hakuna wa kumwelewa. Akiigeuza kwa Kiingereza, akasema, itakuwa si ndoto ile.

Nilivuta kiti. Nikampungia Normand aje, akaja na mikono yake yenye sabuni, akaegemeza sikio lake karibu na langu.

"Haya mwanangu," nikamwambia. "Tuko hapa wawili. Anza mwanzo."